Lenzi Tatu za Bibi Picha

Kabla hajakupiga picha, Bibi Picha alikupaka mafuta. Mafuta ya nazi, kidogo tu, kwa ncha ya kidole: tone kwenye paji la uso, tone kwenye kila shavu, tone juu ya pua. Wateja wageni walishangaa, maana studio nyingine zote mjini zilikupa poda ili uso using'ae. Yeye alitaka ung'ae. Alisema wazungu waliotengeneza lenzi zake walizitengeneza kwa ajili ya nyuso zao, wakategemea kola nyeupe na nywele za rangi ya majani makavu zishike mwanga.

"Sisi mwanga unakaa kwenye ngozi," alisema. "Ila lazima uuandalie mahali pa kukaa."

Nilifanya kazi jirani naye kwa miaka kumi na tisa, ukuta mmoja ukitutenganisha, katika mtaa wa maduka hapa Morogoro. Mimi ni fundi miwani. Kazi yangu ni kumfanya mtu aone herufi ndogo zikiwa zimekaa wima, kila moja peke yake. Kazi yake yeye ilikuwa karibu kinyume cha hiyo, na huenda ndiyo sababu tulielewana. Tangu ahame watu wanakuja kuniuliza habari zake, kana kwamba mimi ndiye niliyebaki na funguo. Habari za ukoo wake sizijui na sikuwahi kuuliza. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona na yale yaliyopenya ukutani.

Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na ncha za vidole vyake zilikuwa za kahawia kwa sababu ya dawa za chumba cha giza. Alinukia siki kidogo. Kamera yake ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati dogo la vyombo, imesimama kwa miguu mitatu, na katikati ina mikunjo ya ngozi kama ya kinanda cha mkono. Mbele lenzi, nyuma kioo chenye ukungu ambapo mteja alionekana kichwa chini miguu juu. Bibi alijifunika kitambaa cheusi, akamtazama mtu wake aliyepinduka, na hakuharakishwa na yeyote. Picha yenyewe aliipiga kwenye filamu ya eksirei, ile ile ya kupigia mifupa, aliyoikata mwenyewe kwa mkasi chini ya taa nyekundu mpaka ikawa na ukubwa wa daftari la shule. Filamu za kamera yake zilikuwa zimeadimika, naye hakuona kuwa hilo lilikuwa jambo la kumsimamisha.

Lenzi zilikuwa tatu, zote za zamani, zote za aina inayolainisha picha. Alizipa majina ya mahali.

Ya kwanza aliiita Gairo. Hiyo ilikuja pamoja na kamera, kutoka kwa mwenye studio wa zamani aliyeacha kazi. Ilikuwa na visahani vya bati vyenye matundu, kama chujio la chai, ambavyo aliviweka mbele ya kioo. Akiweka chujio lenye matundu mengi, picha inalainika. Lenye tundu moja, picha inakuwa kavu na kali, kila mkunjo wa jicho upo mahali pake. Yeye alipenda kuitumia ikiwa kavu. Alijua mimi natoka Gairo, kwa hiyo hakukosa la kusema: "Hii ni kama ninyi. Haina maneno ya kumfariji mtu."

Ya pili ilikuwa Turiani, aliyopewa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hiyo ilikuwa na pete mbele. Ukiizungusha, kioo cha mbele kinaachana kidogo na cha nyuma, na ulaini unaongezeka kwa kadiri unavyotaka. Aliiita Turiani kwa sababu ya asubuhi za kule, mvuke unapopanda kutoka kwenye majaruba ya mpunga lakini bado unamwona mtu anayekuja na unamjua kwa mwendo wake.

Ya tatu ilikuwa Bondwa, kwa jina la kilele kile cha Uluguru kinachojifunika mawingu. Hii aliiokota kwa mnunuzi wa vyuma chakavu: kioo kimoja tu, ndani ya bomba fupi la shaba lililobonyea. Haikuwa na pete wala chujio. Lakini ukiiacha wazi, kila kilichong'aa mbele yake kilizungukwa na mwanga, kama taa ndani ya ukungu.

Kitu kimoja kilimkera kuliko vyote, nacho ni mtu kusema kwamba picha laini ni picha iliyokosewa. Siku moja bwana harusi mmoja alirudisha picha, akasema imetoka na ukungu, simu yake inapiga vizuri zaidi. Bibi hakubishana naye. Alikuja dukani kwangu, akachukua kioo changu cha kukuzia bila kuomba, akarudi na kumpa yule kijana. Akamwambia ahesabu kope za mke wake. Kijana akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Kope zilikuwepo, moja moja, kali kama sindano, na juu yake ndipo ulipokaa ule mwanga laini kama shela. Alipoinuka aliomba radhi na akaagiza picha nyingine ya mama yake.

Huo ndio ufundi wenyewe, na mimi kama mtu wa vioo niliuelewa kabla wengine hawajauelewa. Kioo kibovu kinakunyima makali. Lenzi zake zilikupa makali na mwanga kwa pamoja, moja juu ya lingine, na kazi yote ilikuwa kujua kipimo. Ukilibana tundu la lenzi, ulaini unapungua, lakini na mahali pa makali panahama kidogo; asiyejua anapata sikio kali na jicho lililolala, lisilo na makali. Bibi hakuwahi kulaza jicho la mtu. Alichungulia kioo cha nyuma tundu likiwa limebanwa vile vile atakavyopigia, hata kama giza lilimlazimu kukaa chini ya kitambaa mpaka jasho limchuruzike shingoni.

Mtu angedhani mwenye kupenda ulaini kiasi hicho alikuwa laini yeye mwenyewe. Hapana. Bibi harusi aliyekuja amejipaka uso ukawa mweupe kuliko mikono alirudishwa bombani. "Nawa, halafu urudi wewe," aliambiwa, mbele ya shangazi zake. Alihubiri subira kutwa nzima, ila chai hakuisubiri ipoe, aliinywa ikiwa inachemka na kulaumu chai. Alizidharau picha za simu, akasema ni picha za kutupa; lakini alikuwa na simu, na kila Jumapili alinitumia picha za maharage ya bustanini kwake, amezipamba kwa maua ya kung'aa na maneno ya Jumapili njema, yeye Mwislamu na mimi Mkristo. Sikumuuliza kuhusu hilo. Nilimjibu kwa kumtumia maua.

Swala hakuikosa. Adhuhuri ikifika alimwacha mteja kwenye kiti, hata awe nani, akamwambia asitikisike.

Habari zake zilifika mbali kuliko tulivyojua. Mwaka mmoja alikuja bwana kutoka Dar es Salaam, mtu mstaarabu, mkusanyaji wa kamera za kale. Alibeba sanduku la chuma lenye lenzi mbili za kulainisha picha, zimelala ndani ya sponji kama mayai, na alijua historia ya kila moja. Alikuwa amesikia kwamba kuna mama Morogoro mwenye lenzi ya kioo kimoja, akataka kuilinganisha na zake. Nilikuwepo kwa sababu Bibi aliniita. Nadhani alitaka shahidi.

Alikubali kwa masharti yake. Uso uwe mmoja, dirisha liwe moja, filamu iwe moja, na picha zikishakauka zisiandikwe kitu mbele. Aliyekalishwa alikuwa mama mmoja muuza mdalasini aliyekuwa ameshuka siku ile kutoka Kinole na mzigo wake. Alipakwa mafuta, akageuzwa kidogo kuelekea dirishani, akapigwa picha mara tatu: lenzi mbili za mgeni, kisha Bondwa. Kati ya moja na nyingine Bibi aliingia chini ya kitambaa upya na kuanza mwanzo, kwa uaminifu ule ule, ingawa mbili hazikuwa zake na angeweza kuzifanyia uzembe bila mtu kujua.

Mchana picha zilipangwa mezani. Mgeni alizitazama kwa makini. Ya kwanza alisema ni nzuri lakini mwanga wake umetapakaa ovyo, umekula mpaka ukingo wa shavu, bila shaka ndiyo ile ya chuma chakavu. Ya pili aliipita. Ya tatu aliinyanyua, akaisogeza dirishani, akasema hii ndiyo lenzi yake kubwa, aliyoitafuta miaka sita. Akatuambia tutazame mwanga ulivyotulia kwenye mfupa wa shavu na macho yamebaki macho.

Bibi akaigeuza. Nyuma, kwa penseli, ilikuwa imeandikwa Bondwa.

Hakucheka, na mimi nilijizuia kwa shida. Mgeni alikuwa muungwana. Aliomba auziwe ile lenzi, Bibi ataje bei yoyote. Bibi alimtazama kama anavyotazama mtu aliyepinduka kwenye kioo.

"Utanunua na dirisha?" aliuliza.

Mgeni aliondoka na picha ya mama wa mdalasini, akaaga kwa heshima, na mpaka leo naamini alijifunza kitu. Mimi siku ile nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele kana kwamba lenzi ilikuwa yangu.

Lakini nikitakiwa kusimulia jambo moja tu, ni la mpishi.

Alikuwa mpishi wa shughuli, bingwa wa pilau, anayeitwa kwenye harusi za mji mzima. Miaka minane kabla hajafika studio, mafuta ya moto yalimrukia kutoka kwenye sufuria kubwa yakamuunguza upande mmoja wa uso, toka kwenye nyusi hadi kidevuni. Alipona na akarudi jikoni. Ila tangu hapo, katika harusi zote alizopika, hakuna picha hata moja iliyomwonyesha. Mpiga picha akielekea upande wa majiko, yeye alijificha nyuma ya moshi.

Sasa binti yake alikuwa anaolewa. Alikuja kwanza yeye peke yake, akakaa na Bibi kwenye benchi la nje ambalo lilikuwa chini ya dirisha langu. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba anataka picha ya baba yake iwekwe ukumbini, na kwamba amesikia ipo lenzi inayolainisha mpaka mambo mengine hayaonekani. Aliomba itumike hiyo.

Bibi alimuuliza baba amekaa na uso huo muda gani. Binti akasema miaka minane.

"Basi tumuulize yeye kama anataka kuuacha leo," Bibi akamwambia.

Siku iliyofuata mpishi alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Bibi alimpaka mafuta upande wa uso ambao haukuungua, kisha akasimama na kidole hewani, akaomba ruhusa ya upande wa pili. Mpishi alisema ule hauhitaji, unang'aa wenyewe. Lakini akaruhusu. Bibi aliligusa kovu lile kwa kidole kile kile, taratibu, kutoka juu mpaka chini, na mpishi akafumba macho. Baadaye binti aliniambia kwamba tangu manesi wamfungue bandeji hakumruhusu mtu kumgusa pale, hata mkewe.

Alimpiga picha kwa lenzi zote tatu. Wakati picha zinaoshwa Bibi alitoka nje, akaniambia anajua mpishi atachagua ipi. Atachagua Gairo, ile kavu, kwa sababu mtu aliyerudi kwenye moto uliomuunguza haogopi ukweli. Alisema kwa uhakika mkubwa, na mimi nilimwamini.

Picha zikaletwa mezani zikiwa bado mbichi. Mpishi alianza na Bondwa. Kovu halikuwepo, mwanga ulikuwa umelimeza lote. Binti akashika mdomo kwa furaha. Mpishi aliitazama kidogo tu, akairudisha.

"Huyu ni mimi wa zamani," alisema. "Nilishamzoea kuwa hayupo."

Akachukua Gairo. Kila kitu kilikuwepo, kila mkunjo wa ngozi iliyovutika. Alitikisa kichwa bila ubaya. Alisema huyu anamjua, ananyoa naye ndevu kila Ijumaa.

Kisha akachukua Turiani, akaisogeza karibu na macho. Kovu lilikuwepo pale, wala halikufichwa. Ila ngozi ya kovu ni nyororo, haina vinyweleo, na ule mwanga wa lenzi ulikuwa umelala juu yake wote, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, kama maji yanayoteremka juu ya jiwe. Upande ule ndio uliokuwa mzuri zaidi katika picha. Nyuma yake jicho lilikuwa kali, linakutazama.

"Huyu anakwenda harusini," mpishi alisema.

Nilihudhuria harusi ile. Picha iliwekwa mlangoni mwa ukumbi, kubwa kama dirisha, na mpishi, ambaye siku hiyo alikuwa amewaachia wengine sufuria, alisimama kando yake akipokea wageni kwa mikono miwili. Watu walitazama picha, wakamtazama yeye, wakatazama tena picha, na hakugeuza uso hata mara moja. Kama ningekuwa mtu wa kupiga vigelegele ningepiga.

Jioni ya ile siku ya kuchagua, wakati tunafunga maduka, Bibi aliniambia kwamba alikosea. Alisema amekaa na lenzi hizo muda mrefu mpaka akadhani anajua nyuso za watu kuliko wao wenyewe. Hilo lilimgharimu kulisema, niliona, kwa sababu hakuwa mtu wa kukiri. Tangu wiki ile aliacha kuwachagulia watu. Alimkalisha tena yule mama wa mdalasini, safari hii kwa lenzi zake zote tatu, akatundika picha hizo ukutani, na kila mteja alisimama mbele yazo kwanza, akachagua anavyotaka kuonekana. Wengine walimshangaza. Mwanajeshi mstaafu alichagua Bondwa. Msichana wa chuo alichagua Gairo, akasema anataka watoto wake waone kwamba alikuwa na chunusi na alifaulu mitihani vile vile.

Jengo letu lilipouzwa ili lijengwe ghorofa, tulipewa miezi kadhaa ya kuhama. Nilimtafutia chumba karibu na duka langu jipya. Alikikagua, akatazama dirisha lililotazama ukuta, akanishukuru na kukataa. Alifunga kamera yake kwenye blanketi, akapanda nayo milimani upande wa Kinole, na kwa muda mrefu nilichokipata kutoka kwake kilikuwa maharage ya Jumapili tu.

Mwaka jana nilikwenda Mkuyuni siku ya gulio kupima macho ya wazee na kuwapatia miwani ya kusomea. Nilipomaliza niliona watu wamekusanyika pembeni ya ghala la viungo. Shuka jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, na mbele yake ile kamera, miguu yake imezama kidogo kwenye udongo mwekundu. Akina mama wawili walikuwa wamenyoosha kanga nyeupe kurudisha mwanga, na mmoja wao, niligundua baadaye, ndiye aliyekuwa anapima na kubana lenzi mwenyewe huku Bibi akimwangalia bila kumwingilia. Walikuwa wakulima wa karafuu na ndizi. Alikuwa amewafundisha wanne, na watu walishuka hata kutoka njia ya Matombo kuja kupigwa picha.

Alikuwa amekonda na alishika fimbo. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula. Hakuniambia kuwa alinikumbuka. Alinionyesha picha walizopiga wanawake wale, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alitaja jina la aliyeipiga, akaishikilia mkononi muda kidogo kabla ya kunipa nyingine. Nilizitazama kwa jicho la fundi. Hapakuwa na jicho lililolala.

Kisha akagonga kiti kwa fimbo, akaniambia nikae.

Nilicheka, nikasema mimi sina harusi wala sherehe. Akasema miaka yote ile nimeshinda upande wa pili wa ukuta wake na hana uso wangu. Nikaona si utani. Nikakaa. Yule mama aliyekuwa anabana lenzi akaingia chini ya kitambaa, akatoka, akamnong'oneza kitu, na Bibi akaegemeza fimbo yake kwenye ghala.

"Hii napiga mwenyewe," alisema. "Vua miwani."

"Nikivua sikuoni, Bibi."

"Leo kazi ya kuona ni yangu."

Nikavua, nikaiweka mapajani. Gulio lote likayeyuka: shuka, kanga, milima, watu. Nilisikia kitambaa kikimfunika. Nikanyoosha mgongo, nikainua kidevu, nikatazama pale nilipojua kwamba yupo.